Orodha moja, foleni mbili: thamani za msingi katika Python

Tazama klasi hii. Ile `kazi=[]` ni thamani ya msingi, yaani inayotumika usipotoa nyingine:

```
class Foleni:
    def __init__(self, kazi=[]):
        self.kazi = kazi

a = Foleni()
b = Foleni()
a.kazi.append("chapisha")
print(b.kazi)
```

Jibu ni `['chapisha']`, ingawa `b` haijaguswa hata kidogo. Wengi hudhani Python ina hitilafu. Hapana. `def` ni amri inayotekelezwa kama amri nyingine yoyote, na ile `[]` hutengenezwa papo hapo `def` inapotekelezwa, mara moja tu. Baada ya hapo fanksheni inaitunza. Ukiichungulia utaiona:

```
print(Foleni.__init__.__defaults__)
```

Inatoka `(['chapisha'],)`. Napenda sana kumwonyesha anayejifunza mstari huu, kwa sababu unamaliza ubishi: orodha ni moja, imekaa ndani ya fanksheni, na kila objekti iliyoundwa bila kupewa orodha yake inaielekea hiyohiyo.

Namba na matini hazisumbui hivi kwa kuwa hazibadiliki zikishaundwa. Ila usijiamini mno: ukiandika `muda=datetime.now()` kama thamani ya msingi, objekti zote zitabeba saa ileile `def` ilipotekelezwa, hata programu ikikesha wiki nzima.

Dawa yake inajulikana:

```
def __init__(self, kazi=None):
    if kazi is None:
        kazi = []
    self.kazi = kazi
```

Wapo wanaofupisha kwa `kazi or []`. Mimi siikubali njia hiyo. `or` huihesabu orodha tupu kama si kweli, hivyo mtu akikupa orodha yake iliyo tupu, utaitupa kimyakimya na kumpa nyingine, kisha atashangaa mbona yake haijai. Na kama hutaki kabisa kuchangia orodha na aliyekuita, nakili: `self.kazi = list(kazi)`.

Mtego unajirudia kwenye mwili wa klasi. Ukiandika `kazi = []` nje ya `__init__`, orodha hiyo ni mali ya klasi, na `a.kazi.append(...)` itaonekana kwa wote. Lakini `a.kazi = ["tuma"]` haigusi ya klasi; inampa `a` yake peke yake.

Anayetumia `dataclass`, zana ya Python inayokuandikia `__init__`, ana kinga: ukiandika `kazi: list = []`, Python inakataa kwa `ValueError` klasi inapoundwa, kabla objekti yoyote haijazaliwa. Hapo unaandika `field(default_factory=list)`, na `list` huitwa upya kila objekti isiyopewa orodha yake inapoundwa.