Je, wajua kwa nini Mwingereza akisema "I was sick" huenda alitapika?

Mtu wa London akikuandikia "I was sick last night", usidhani alikuwa na homa au mafua. Kwa kawaida anakuambia kwamba jana usiku alitapika. Maneno hayo hayo yakitoka Chicago, mara nyingi maana yake ni kwamba aliumwa tu, na ugonjwa wenyewe unaweza kuwa wowote.

Kati ya "sick" na "ill", maneno mawili ya Kiingereza ya kusema mtu ni mgonjwa, la kwanza ndilo kongwe. Kwa karne nyingi lilitumika kwa mgonjwa yeyote. Pale Mathayo 25:36, tunaposoma "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama", Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 inasema "I was sick". "Ill" lilikuja baadaye na lugha ya Waskandinavia waliohamia Uingereza, na mwanzoni lilimaanisha "baya" tu. Maana hiyo ingali hai: "ill will" ni nia mbaya, kinyongo. Kufikia karne ya 15 lilikuwa limeanza kutumika kwa ugonjwa pia.

Waingereza walioanza kuhamia Amerika mapema karne ya 17 waliondoka na matumizi ya zamani, na Wamarekani wakayashikilia hadi leo. Waliobadilika ni wale waliobaki nyumbani. Kwao "ill" likachukua nafasi ya kuumwa kwa jumla, "sick" likaelekea tumboni, hata matapishi yenyewe yakaitwa "sick".

Hata hivyo hawakuliacha kabisa. Likizo ya ugonjwa ni "sick leave" huko pia, na cheti cha daktari cha kupumzika kazini ni "sick note". Halafu kuna jambo ambalo wanafunzi wengi wa Kiingereza hawaambiwi, nalo ni la msingi: mbele ya nomino, "sick" ndilo linalokaa vizuri. Mtoto mgonjwa ni "a sick child" pande zote mbili za Atlantiki. "An ill child" husikika kama limelazimishwa, isipokuwa ukiongeza neno, kama "a seriously ill child".

Na si kila "sick" ni ugonjwa. Aliye "homesick" anatamani kwao. Aliye "sick of" jambo amechoshwa nalo. Kwa vijana, tangu miaka ya 1980 hivi, kitu "sick" ni kitu kizuri mno, kama sisi tunavyosema ngoma kali.

Tofauti hii ina uzito zaidi mbele ya daktari. Ukiwa Uingereza ukasema "I feel sick", ataelewa una kichefuchefu na ataanza kukuuliza ulikula nini. Ukisema "I've been sick twice", ataandika umetapika mara mbili. Kama mwili wote umechoka na tumbo halina shida, sema "I feel ill" au "I feel unwell", kisha mtajie panapouma.