Kabla ya kuuliza ampea: namna ninavyochagua betri ya gari

Mtu akija kutafuta betri, swali lake la kwanza huwa lilelile: "Fundi, niweke ya ampea ngapi?" Ni swali halali, ila kwangu mimi huja baada ya mengine matatu. Betri nyingi ninazoona zikirudishwa kwa lawama hazikupungukiwa ampea. Zilikuwa na vichwa (vile viwili vya kufungia nyaya, chanya na hasi) vilivyokaa upande usio wake, au ni aina isiyoelewana na mfumo wa kuchaji wa gari, au zilikaa rafuni mpaka zikachakaa kabla ya kuuzwa. Nyingine hazikuwa na kosa lolote. Gari lenyewe ndilo lililokuwa likiziua.

Basi tuanzie hapo. Kabla hujatoa hela, hakikisha betri iliyomo ndiyo mbovu. Multimita ya kawaida, kile kifaa cha kupimia volti, inatosha. Liache gari lipumzike, ikiwezekana usiku kucha, halafu pima kwenye vichwa vya betri. Betri nzima iliyojaa husoma kama volti 12.6 au 12.7, kwa kuwa ndani mna seli sita na kila moja hutoa volti 2.1 hivi. Ukisoma 12.2, iko kwenye nusu. Ikifika 11.8 imeisha chaji kabisa, lakini kuisha chaji si kufa, na hapa ndipo wengi wanapotupa betri yenye uhai. Ichaji polepole mpaka ijae, kisha mwenzako apige stata huku wewe umeikazia macho mita. Kama ilijaa kweli na bado inaporomoka chini ya volti 9.6 hivi, stata ikizunguka kwa kujikokota, hiyo imekwisha.

Injini ikishawaka, pima tena. Volti 13.8 hadi 14.7 ni dalili kwamba altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, inachaji. Ikibaki 12 na kitu na inazidi kushuka, betri mpya utakayonunua itakuendesha kitambo kidogo, kisha utasimama njiani kama jana. Ikipanda kupita 15, rigyuleta, kidhibiti cha volti za altaneta, imeharibika na inachemsha betri. Tahadhari moja: magari ambayo uchaji wake unaendeshwa na kompyuta huweza kushusha volti makusudi, kwa hiyo washa taa kubwa na feni ya ndani kabla ya kutoa hukumu.

Kuna na gari linalolala zima likaamka halina umeme. Likishazimwa na kufungwa, na kompyuta zake zikapewa muda wa kulala (mengine huhitaji nusu saa au zaidi), halipaswi kuvuta zaidi ya miliampea 50 hivi. Likizidi hapo, washukiwa wangu wa kwanza huwa ni vitu vilivyofungwa baadaye: alamu, redio, kifaa cha kufuatilia gari. Betri kubwa zaidi haitibu ugonjwa huo. Itachelewesha tu siku ya kukwama.

Tuseme sasa umepima na betri kweli imekwisha. Swali la kwanza ni umbo, na jibu limeandikwa kwenye kibandiko cha betri ya zamani, mradi huyo aliyeifunga hakukosea. Hakikisha kwa kitabu cha gari. Chukua mfano wa betri ya mfumo wa Kijapani iliyoandikwa 55B24LS. Watu wengi husoma 55 wakadhani ni ampea-saa, yaani akiba ya umeme. Siyo. Hiyo ni namba ya daraja la uwezo tu, na ampea-saa za betri hii kwa kipimo cha saa 20 hukaribia 45. Herufi B ni kundi la upana na kimo cha kisanduku: B ina upana wa milimita 129 hivi, D ina 173 hivi. Namba 24 ni urefu kwa sentimita. L inakueleza mkao wa vichwa: simama upande ule vichwa vilipo karibu nawe, chanya itakuwa mkono wa kulia na hasi kushoto. Ikiwa R, ni kinyume chake. Na ile S ya mwisho, ambayo hata wauzaji wengine huiruka, maana yake vichwa ni vinene.

Hiyo S imeniletea kazi nyingi. B24 isiyo na S ina vichwa vyembamba, chanya ikiwa na kipenyo cha milimita 14.7 badala ya 19.5. Ukivisha klampu ya kichwa kinene juu ya kichwa chembamba, hata ukaze vipi haishiki sawasawa. Mtu anakata kipande cha bati la kopo, anakizungusha, anagonga na nyundo, gari linawaka, anaondoka. Baada ya muda unakuta unga mweupe au wa kijani umetanda, klampu inapata moto kila stata inapopigwa, na dereva anaapa kwamba betri ni feki.

Kosa la L na R ni baya zaidi. Nyaya za gari zimekatwa kwa urefu wa kufika zinakotakiwa tu, sasa betri iliyogeuzwa vichwa inakulazimisha uvute waya, uunganishe kipande, au uikalishe betri nyuma mbele. Na siku ambayo mtu ataunganisha chanya kwenye hasi, hapo hapo fyuzi kuu inaondoka, na dayodi za altaneta huweza kuondoka nayo. Katika gari lenye kompyuta nyingi, ombea yawe hayo tu.

Betri za mfumo wa Ulaya zina majina yake. L2 ina urefu wa milimita 242, L3 ina 278, zote upana 175, na hushikwa kwa ukingo ulio chini kwenye kitako. Vichwa vyake huwa vimezama usawa wa mfuniko, wakati vya Kijapani huchomoza juu yake. Usichanganye kwa sababu tu "imeingia". Niliwahi kufungua boneti nikakuta upande wake wa ndani una doa jeusi la kuungua, duara dogo, sambamba kabisa na kichwa cha chanya. Betri ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko ile ya asili, kifuniko cha plastiki cha kichwa hakikurudishwa, na kila gari lilipopita shimoni boneti ilikuwa inabusu chanya. Boneti ni bodi, na bodi ni hasi. Maliza hesabu mwenyewe.

Swali la pili ni aina. Betri ya kawaida ya asidi, hata ile isiyoongezwa maji ambayo wengi huiita kavu, ina asidi ya majimaji ndani. EFB ni hiyohiyo iliyoimarishwa ili ivumilie kuchajiwa na kuchomolewa chaji mara nyingi zaidi. AGM ni nyingine: asidi yake imefyonzwa katika mikeka ya nyuzi za kioo iliyobanwa katikati ya sahani za risasi. Kama gari lako huzima injini lenyewe likisimama kwenye taa na kuiwasha ukiachia breki, lilitoka kiwandani na EFB au AGM. Hapo kanuni yangu haina msamaha: unaweza kupanda kutoka EFB kwenda AGM, huwezi kushuka. Betri ya kawaida ukiiweka humo itafanya kazi vizuri mwanzoni, na huo ndio mtego wenyewe, maana itachoka mapema mno. Kwenye magari ya Kijapani ya namna hiyo utakutana na maandishi kama Q-85 au N-55. Q-85 ina kisanduku cha ukubwa wa D23, N-55 cha B24. Usishawishike kuteremka kwa sababu kisanduku kinalingana.

Je, gari la zamani lisilo na mfumo huo lifungwe AGM? Wauzaji hupenda kusema ndiyo. Mimi mara nyingi husema hapana. AGM haipendi joto kali la karibu na injini wala kuchajiwa kupita kiasi, na ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huiweka kwenye buti au chini ya kiti. Betri iliyo ndani ya gari nayo ina sharti lake: lazima iwe na tundu la mrija wa kutolea gesi nje, na mrija uchomekwe. Toyota Prius za kizazi cha pili na cha tatu ni mfano mzuri, betri yao ndogo ya volti 12 iko nyuma. Haizungushi injini, kazi yake ni kuamsha kompyuta, kwa hiyo kuitafutia ampea nyingi za kuwashia ni kupoteza hela. Iwe ya aina yake, yenye mrija, basi.

Sasa ampea, kwa ufupi. Kuna namba mbili. Ampea-saa ni akiba: betri ya 60 inaweza kutoa ampea 3 kwa saa 20 kabla ya kufika volti 10.5. CCA ni nguvu ya kuwashia, kwa kipimo kinachofanyika kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, sekunde 30 bila kushuka chini ya volti 7.2. Fikia kile kilichoandikwa na mtengenezaji wa gari, au kizidi kidogo. Kuzidi hakuunguzi stata, kwani stata huvuta inachohitaji. Ila ukiishi penye joto mwaka mzima, usilipie CCA kubwa kupindukia. Joto ndilo adui wako, kwa kuwa huharakisha ulikaji wa sahani, na kwa makadirio ya mafundi kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa betri kwa karibu nusu. Wa penye baridi kali, CCA ndiyo namba yako.

Jambo ninalolipa uzito kuliko nembo ni umri wa betri dukani. Betri ya asidi hupoteza chaji ikiwa imekaa tu, na ikikaa bila chaji, salfeti hugandamana kwenye sahani na sehemu ya uwezo haitarudi tena. Omba muuzaji akusomee tarehe ya kutengenezwa. Iliyopita miezi sita bila kuchajiwa upya, mimi naiacha. Nenda na multimita yako, pima mbele yake: 12.6 au zaidi, chukua. Chini ya 12.4, mwambie alete nyingine, hata kama nembo ni ile uliyoijia. Muuzaji mzuri hatakasirika.

Wakati wa kufunga, toa hasi kwanza na uirudishe mwisho, ili spana ikigusa bodi ukiwa kwenye chanya kusiwe na cheche. Sugua klampu mpaka zing'ae. Kaza kibano cha kushikilia betri, maana mtikisiko huvunja sahani. Ukikuta kwenye waya wa hasi kimefungwa kisanduku kidogo chenye waya mwembamba, hicho ni kitambuzi cha betri, na magari kadhaa yenye nacho, BMW nyingi za karibuni zikiwemo, hutaka kompyuta iambiwe kwa mashine kwamba betri ni mpya, ya aina gani na ya ampea-saa ngapi. Usipofanya hivyo itaendelea kuichaji kana kwamba ni ile kongwe. Betri ya zamani mrudishie muuzaji, risasi yake huyeyushwa ikatumika tena. Kisha washa gari, pima volti za kuchaji, na uandike namba hiyo pamoja na tarehe juu ya mfuniko kwa kalamu isiyofutika.