Akiba haiozi? Njoo Tanga uone

Mama mdogo wangu ana methali moja ambayo kwake ni sheria ya nyumba: akiba haiozi. Kwa methali hiyo ametunza mfuniko wa chupa ya chai ambayo yenyewe ilipasuka zamani, vipande vitatu vya bomba la chuma, na kigodoro cha mtoto ambaye sasa ana ndevu. Nami nimelelewa humo. Nilipopata vyumba vyangu viwili hapa Ngamiani nikafuata mkondo, mpaka nyumba ikanishinda. Natoka saa moja asubuhi, narudi magharibi. Muda wa kupanga ulikuwa hauonekani, na nilikuwa na imani kadhaa zilizouficha zaidi.

“Siku nikipata nafasi nitaipangua nyumba nzima”

Nafasi niliipata, Jumamosi moja. Nikatoa vyote vya kabatini nikavimimina kitandani. Hapo nikaanza kujaribu magauni, nikasoma kadi za harusi za watu walioshaachana, na adhuhuri ugeni ukapiga hodi kutoka Muheza na kapu la machungwa. Saa tano usiku nilikuwa nasukumia vitu kabatini kwa goti ili nipate pa kulala. Kabati likawa baya kuliko asubuhi.

Kazi hii ukiipa siku, itakula siku na kudai nyingine. Kipimo changu sasa ni jiko la mkaa. Tangu niliwashe uani mpaka mkaa ushike ni kama robo saa, na robo saa hiyo zamani niliimaliza nimesimama napepea. Siku hizi naliacha lishike lenyewe, nachukua droo moja. Moja tu, na sitoi kitu nisichoweza kukirudisha kabla sijabandika sufuria. Juzi ilikuwa zamu ya droo ya vijiko: chaja nne ambazo simu zake hazipo tena duniani, funguo saba za makufuli nisiyoyajua, betri mbili zilizotoa unga mweupe, na upawa ambao nilimshuku mtoto wa jirani kwa ajili yake. Nilimwomba radhi mama yake.

“Kwanza ninunue makontena”

Hapana. Kontena la plastiki ukilinunua kabla ya kupunguza, unakuwa umeyanunulia makorokoro nyumba yao. Punguza kwanza, pima kilichobaki, ndipo uende dukani. Mara nyingi kapu la ukili lililokuwa limekaa tupu uvunguni linatosha.

“Kitu kizuri kikifungiwa ndipo kinadumu”

Hapa ndipo methali ya mama mdogo inapogongana na bahari. Tanga hewa yake ni nzito kwa unyevu karibu mwaka mzima, na masika, Machi hadi Mei, kuta zenyewe zinatoa jasho. Nguo zilizobanwa ndani ya mfuko wa nailoni na kusukumwa ukutani hazipati hewa. Zikiingia na unyevu kidogo tu, ukungu unaanza ndani ya siku chache. Nilikuwa na doti ya kanga sijawahi hata kuikata. Niliifungua baada ya masika mawili ikiwa na vidoa vyeusi kwenye mkunjo, vile vidogo vidogo, ambavyo havitoki kwa sabuni wala kwa jua. Kuvukiza udi kunanukisha nguo, na mie siachi, lakini udi haukaushi kitambaa kibichi.

Viatu ndivyo vilivyoniaibisha. Nilikuwa na jozi ya shughuli, imevaliwa mara mbili, imekaa ndani ya boksi lake miaka kadhaa. Nikaivaa kwenye harusi Chumbageni. Kabla bibi harusi hajaingia, soli ilianza kumumunyuka, kila hatua ikidondosha makombo meusi kama mikate ya ajemi iliyoungua. Nilidhani nimeuziwa bandia. Kumbe soli nyingi za viatu vya siku hizi ni za poliurethani, aina ya plastiki, na unyevu wa hewa unaivunja pole pole hata kiatu kisipovaliwa. Kwa hiyo kiatu kilichofungiwa kinazeeka pamoja nawe, tofauti ni kwamba hukukifaidi.

Basi kilicho kizuri nakivaa. Kinachobaki kinakaa mbali na ukuta kiasi cha upana wa kiganja, na Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua imekatika, ndiyo miezi ya kufungua masanduku na kuanika. Sanduku moja kila jua, asubuhi kabla ya kazi. Anayepanga kabati katikati ya masika anafungia unyevu na nguo zake.

“Vya uani havina hasara”

Watu wa mjini tuna tabia ya kusafisha ndani kwa kuhamishia nje. Makopo ya rangi, tairi, ndoo iliyotoboka pembeni, vifuu: vyote vinasubiri “siku vitakapohitajika”. Mwaka 2019 homa ya dengue ilipoikumba Dar es Salaam, Tanga nako wagonjwa walipatikana. Mbu wake, aedesi, anauma mchana, na hana haja ya dimbwi. Maji ya mvua kwenye kifuu yanamtosha, na kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hivi.

Wengi wanaamini kumwaga maji ni kumaliza kazi. Mayai yake hugandia ukutani mwa chombo juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa mvua inayofuata. Chombo unachokitaka kisugue kwa brashi ndipo ukifudikize, usichokitaka kiondoke. Kwangu uani ndiko kulikoanza, kabla ya kabati, kwa sababu kabati halinipi homa.

“Karatasi yoyote huenda ikahitajika”

Cheti cha kuzaliwa, hati ya kiwanja, kadi ya kliniki: bahasha moja ngumu, mahali pamoja panapojulikana na watu wawili. Karatasi za umeme wa LUKU zikishaingizwa na taa ikawaka, basi. Mwenye biashara asichome kumbukumbu zake za kodi; Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka zitunzwe miaka 5. Tahadhari tu kwamba risiti za mashine za kodi za EFD zinachapwa kwenye karatasi inayoathiriwa na joto, na maandishi yake hufifia mpaka ukabaki na kikaratasi cheupe. Zipige picha wiki ileile. Nyingine nazitumia kauli ya mji wetu: waja leo, waondoka leo.

“Kumpa mtu ni kujipunguzia”

Wapo pia wanaosema kutoa ni israfu. Nguo nzima, iliyofuliwa, mpe anayeivaa. Iliyochanika ikate matambara, usimpe mwenzio aibu yako. Na mifuko ya plastiki uliyoikunja chini ya godoro tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019, jamani, hairudi sokoni.

Mwezi uliopita mnunuzi wa vyuma chakavu alipita na mkokoteni mtaani kwa mama mdogo. Nikamwambia, “Mama, yale mabomba?” Akanitazama kwa muda. “Mwanangu, bei anatoa ngapi?” Yakaenda. Kigodoro nacho kilikuwa na mchwa, kikaenda siku hiyohiyo. Mfuniko wa chupa ya chai umebaki juu ya kabati la vyombo, na tumekubaliana tusiuzungumzie.