Upweke haupimwi kwa idadi ya watu nyumbani
Wengi hudhani kwamba mpweke ni yule tu anayeishi peke yake, ilhali Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2025 lilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani huguswa na upweke, huueleza kuwa ni uchungu wa kukosa ukaribu ambao mtu anautamani. Mjane anaweza kuishi Kariakoo katika nyumba iliyojaa wapangaji, akasikia redio ya kila chumba, na bado, matanga yakishaanuliwa na mikeka kukunjwa, asiwe na wa kumwambia neno. Kuomba msaada hapo si kujidhalilisha hata kidogo. Ombi dogo lililo wazi, kama vile "Dada, njoo Jumamosi tunywe chai, nimechoka kukaa peke yangu", humwonyesha jirani la kufanya.