Pande zote mbili zilipiga hesabu sawasawa

Kila mfumo mpya wa kompyuta wa kupima watu unapoingia mahakamani, benki au kwenye ofisi za ajira, mabishano mtandaoni huchukua sura ileile. Huku wanasema kompyuta inabagua. Kule wanajibu kwamba hesabu haina rangi wala kabila, na anayelalamika akajifunze takwimu kwanza. Mimi ni mwanatakwimu, nakagua mifumo inayotoa alama kwa waombaji wa mikopo, na mabishano haya yananigusa moja kwa moja. Msimamo wangu ni kwamba huyo anayewaagiza wenzake wakajifunze takwimu mara nyingi ndiye aliyeiacha hesabu katikati.

Kesi inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko zote ninazozijua ni ya COMPAS, programu inayotumika katika mahakama kadhaa za Marekani. Iliuzwa na kampuni ya Northpointe, ambayo tangu 2017 inaitwa Equivant. Mtu akikamatwa, hukusanywa majibu ya maswali 137, mengine kutoka kwenye mafaili, mengine kutoka kinywani mwake: umri, mara alizowahi kukamatwa, kama mzazi wake amewahi kufungwa, marafiki zake wangapi wanatumia dawa za kulevya. Programu inatoa alama kuanzia 1 hadi 10 ya uwezekano wa mtu huyo kurudia kosa. Alama 1 hadi 4 ni hatari ndogo, 5 hadi 7 ni ya kati, 8 hadi 10 ni kubwa. Swali la rangi ya mtu halimo.

Mei 2016 shirika la habari la ProPublica lilichapisha uchunguzi wake. Waandishi walipata alama za watu zaidi ya 7,000 waliokamatwa katika kaunti ya Broward, jimbo la Florida, mwaka 2013 na 2014, kisha wakafuatilia nani alishtakiwa tena ndani ya miaka miwili. Walichokikuta kiliwasha moto. Kati ya watu weusi ambao hawakurudia kosa, asilimia 44.9 walikuwa wamepewa alama ya kati au kubwa. Kwa weupe ambao hawakurudia, ni asilimia 23.5. Na kosa la upande wa pili lilikwenda kinyume: weupe waliorudia kosa ingawa programu iliwaona salama walikuwa asilimia 47.7 ya weupe wote waliorudia, kwa weusi asilimia 28.

Kampuni ikajibu Julai mwaka huohuo, na jibu lake halikuwa la ujanja. Ilisema: mtazameni mtu aliyekwisha kupewa alama ya juu, kisha muulize kama alama hiyo ilikuwa kweli. Kwenye data hiyohiyo ya Broward, weusi waliopewa alama ya kati au kubwa walikuwa 2,174, na 1,369 kati yao walirudia kosa, sawa na asilimia 63. Weupe walikuwa 854, waliorudia 505, asilimia 59. Tofauti ni ndogo. Kwa hiyo alama ina karibu maana ileile kwa kila rangi, ubaguzi uko wapi?

Hapo watu wengi waligawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga. Lakini ukizichukua namba hizo na kuzipiga upya, zote ni sahihi. Hakuna aliyedanganya. Kinachotofautiana ni kile ambacho kila upande ulikigawia. ProPublica waliwachukua watu ambao hawakurudia kosa, wakauliza wangapi kati yao walibandikwa hatari bure. Northpointe waliwachukua waliobandikwa hatari, wakauliza wangapi walistahili. Swali la kwanza ni la mshtakiwa: "Mimi ambaye sitarudia, nina uwezekano gani wa kuonewa?" La pili ni la hakimu: "Huyu mwenye alama ya juu aliyesimama mbele yangu, niiamini alama yake kiasi gani?"

Mtu mwenye nia njema atasema basi tutengeneze programu inayowaridhisha wote wawili. Hapa ndipo hesabu inapokuwa tamu, na naomba msomaji achukue kalamu.

Chukua makundi mawili, kila moja watu 100. Katika kundi A watu 50 watakamatwa tena, katika kundi B watu 20. Kwa nini makundi yatofautiane hivyo, nitalirudia swali hilo, maana ndilo zito kuliko yote. Tuseme mfumo wetu hauna upendeleo wowote: katika kila kundi unawanasa asilimia 60 ya watakaokamatwa tena, na katika kila kundi alama ya juu ikitolewa inakuwa kweli kwa asilimia 60.

Kundi A: unanasa watu 30 kati ya 50. Ili hao 30 wawe asilimia 60 ya wote waliopewa alama ya juu, lazima waliopewa wawe 50. Basi 20 wamebandikwa bure, nao wanatoka miongoni mwa watu 50 ambao wasingerudia kosa. Hiyo ni asilimia 40.

Kundi B: unanasa 12 kati ya 20. Waliopewa alama ya juu ni 20, waliobandikwa bure ni 8, lakini hawa wanatoka miongoni mwa watu 80 ambao wasingerudia. Hiyo ni asilimia 10.

Mfumo mmoja, uangalifu uleule, alama yenye maana ileile kwa kila kundi, na bado asiye na hatia wa kundi A anaonewa mara nne zaidi ya mwenzake wa kundi B. Unaweza kulazimisha kundi A nalo lifike asilimia 10, yaani ubandike bure watu 5 tu. Hata ukifaulu kufanya hivyo huku ukiendelea kunasa wale 30, alama ya juu ya kundi A sasa itakuwa kweli kwa 30 kati ya 35, karibu asilimia 86, na ya kundi B imebaki 60. Sasa hakimu ndiye anayelalamika: alama moja ina maana mbili kutegemea nani amesimama mbele yake.

Septemba 2016 watafiti Jon Kleinberg, Sendhil Mullainathan na Manish Raghavan walithibitisha kwamba huu si udhaifu wa programu fulani. Mwezi uliofuata Alexandra Chouldechova, akifanya kazi yake peke yake, alitoa uthibitisho wa jambo hilohilo kwa njia nyingine. Ikiwa makundi yana viwango tofauti vya kurudia kosa, na utabiri si mkamilifu, masharti haya ya haki hayawezi kutimizwa yote kwa pamoja. Huko Broward viwango hivyo vilikuwa asilimia 51 kwa weusi na 39 kwa weupe. Tofauti hiyo peke yake ilitosha kuuleta mgogoro hata kama mtengenezaji angekuwa malaika.

Uthibitisho huu naupenda sana. Nakasirika ninapouona ukitumika kama mlango wa kutorokea: "Hesabu imeshasema haiwezekani, kwa hiyo tuache mabishano." Hesabu haikusema hivyo. Ilisema kwamba ukishika hiki utaachia kile, ikakuachia uamuzi mkononi. Na uamuzi wa kosa lipi tulivumilie si wa mwanatakwimu. Ni wa jamii, kupitia sheria zake na watu iliowachagua, kwa sababu anayelipa gharama ya kosa ni raia.

Mimi nina upande katika hili, sitajificha nyuma ya jedwali. Pale alama inapotumika kumnyima mtu dhamana au kumwongezea kifungo, kipimo cha kwanza kuangaliwa kiwe kile cha mshtakiwa: asilimia ya wasio hatari waliobandikwa hatari, kwa kila kundi. Dola ndiyo yenye funguo za mahabusu, basi dola ndiyo ibebe mzigo wa makosa. Lakini alama hiyohiyo ikitumika kuamua nani atumiwe ujumbe wa simu wa kumkumbusha tarehe ya kesi, au nani apewe nafasi ya matibabu ya uraibu, msimamo wangu unageuka. Hapo aliyebandikwa bure hakupoteza chochote, na ninachoogopa ni kumkosa aliyehitaji msaada. Namba hazikubadilika. Kilichobadilika ni kinachompata mtu baada ya namba.

Sasa lile swali nililoliahidi. Asilimia 51 na 39 zinahesabu nini? Hazihesabu makosa. Zinahesabu watu walioingia tena mikononi mwa polisi na kufunguliwa mashtaka. Mtu akiiba na asikamatwe, kwenye data hii ni mwema. Mtaa ukiwa na doria kila jioni, vijana wake watakuwa "wahalifu" zaidi kwenye faili kuliko vijana wa mtaa wa kitajiri wanaofanya mambo yaleyale nyuma ya geti. Mwaka 2016 watafiti Kristian Lum na William Isaac walichunguza kukamatwa kwa makosa ya dawa za kulevya huko Oakland, California. Makadirio ya matumizi yaliyotokana na takwimu za afya yalionyesha utumiaji umeenea karibu mji mzima, lakini kukamatwa kulijazana kwenye mitaa ya weusi na ya watu wenye asili ya Amerika ya Kusini na Kati. Walipoilisha data ya polisi kwenye algorithimu, yaani kanuni ya kompyuta, ya kupanga doria, ikawarudisha polisi kulekule, ambako wangekamata tena na kuongeza data ileile.

Kwa hiyo anayesema "hesabu haina rangi" ameanza kuhesabu baada ya rangi kukwisha kufanya kazi yake. Programu haikuulizwa rangi, lakini imeulizwa kama mzazi amewahi kufungwa na umekamatwa mara ngapi, katika nchi ambayo majibu ya maswali hayo yamebeba historia nzima ya nani alifuatiliwa na nani aliachwa.

Na ubora wenyewe wa utabiri? Usahihi wa COMPAS kwenye data ya Broward ni kama asilimia 65. Mwaka 2018 watafiti Julia Dressel na Hany Farid walionyesha kwamba hesabu rahisi yenye vitu viwili tu, umri na idadi ya makosa ya nyuma, inafikia kiwango hichohicho. Eric Loomis, aliyehukumiwa Wisconsin huku alama yake ikitajwa na hakimu, alikata rufaa akilalamika kwamba hawezi kuipinga hesabu iliyofichwa kama siri ya biashara. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliruhusu alama ziendelee kutumika, ila zifuatane na maelezo ya kumtahadharisha hakimu na zisiwe sababu pekee ya hukumu. Mahakama ya juu kabisa ya nchi ikakataa kuisikiliza kesi mwaka uliofuata. Naona uamuzi ule haukutosha. Kumpa hakimu onyo kuhusu namba asiyoweza kuikagua hakumsaidii mshtakiwa chochote.

Huku kwetu alama za hatari hazikuanzia mahakamani. Zimeingia kwa simu. Tangu M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ya simu, ianze Kenya mwaka 2012, mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki wamepimwa kwa historia ya miamala yao, wengi bila kujua wamepimwa nini. Mgogoro wa makundi mawili uko palepale: mama wa sokoni anayetumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mumewe na mfanyakazi anayelipwa mshahara kwa benki hawaachi nyayo sawa kwenye data, hata kama wote ni walipaji wazuri.

Kwenye mikopo kuna ugumu mmoja ambao wabishani wengi hawaufikii. Ninaweza kumhesabu aliyepewa mkopo akashindwa kulipa, maana deni lake liko kwenye vitabu. Aliyenyimwa ilhali angelipa, simwoni kabisa. Hakupewa nafasi ya kuonyesha. Kosa dhidi ya mkopeshaji linajitangaza lenyewe, kosa dhidi ya mwombaji linafutika siku hiyohiyo, na mfumo ukifundishwa tena kwa data ya waliopewa tu, unazidi kujiamini. Mahakamani ni vivyo hivyo: aliyewekwa ndani hawezi kuthibitisha kwamba nje angetulia. Njia ya uaminifu ninayoijua ni kuwakopesha kwa bahati nasibu sehemu ndogo ya waliokataliwa, kiasi kidogo, ili tujue tunawakosea wangapi. Inagharimu fedha. Nimeipigania na nitaendelea kuipigania, kwa sababu bila hiyo ripoti ya usahihi ni ripoti ya nusu ya watu.

Sheria imeanza kufungua mlango. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake, na ya kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Ni haki ambayo wakopaji wachache wanaijua. Anayetaka kuitumia vizuri aombe zaidi ya maelezo ya jumla. Aulize, kwa watu wa kundi lake, waliopewa wakalipa ni wangapi, waliopewa wakashindwa wangapi, walionyimwa wangapi, na mkopeshaji ana njia gani ya kujua wangapi kati ya hao wa mwisho wangelipa. Maswali hayo manne ndiyo ninayoanza nayo kila ninapoitwa kukagua mfumo, na la nne ndilo linalochukua muda mrefu kupata jibu.