Home Office Ikichelewa Kujibu: Dhana Potofu na Ukweli

Miongoni mwa Wakenya na Watanzania wanaofanya kazi Uingereza, katika hospitali na katika nyumba za kutunzia wazee, habari za viza hufika mapema kuliko majibu yenyewe ya Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza, na mara nyingi huletwa na mtu ambaye ombi lake lilikuwa la aina nyingine kabisa. Ucheleweshaji wenyewe kwa kawaida haumnyang'anyi mwombaji haki yake. Kinachomponza ni hatua anayoichukua kwa wasiwasi.

Dhana: Tarehe ya viza ikipita kabla ya majibu, unakuwa mkaaji haramu.

Kifungu cha 3C cha Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1971 kinasema vingine. Aliyeomba kuongezewa muda angali ana kibali halali huendelea kuwa na kibali hicho, kwa masharti yale yale, haki ya kufanya kazi ikiwemo, hadi uamuzi utolewe. Neno zito hapo ni "angali", kwa sababu aliyeomba baada ya kibali kuisha hana kinga hiyo. Shida ni kwamba kinga yenyewe huenda isionekane popote: muuguzi anaripoti zamu ya asubuhi, msimamizi anafungua rekodi ya viza mtandaoni, anakuta tarehe iliyopita juzi, anamwambia arudi nyumbani. Mwajiri huyo anaweza kuuliza kupitia huduma ya Home Office ya kuhakiki wafanyakazi, na akithibitishiwa hupewa hati inayomlinda kwa miezi 6. Ni afadhali basi kumkabidhi uthibitisho wa ombi wiki kadhaa kabla ya tarehe hiyo kuliko kujieleza mlangoni.

Dhana: Ukifiwa unaweza kwenda kuzika na kurudi, mradi ombi limeshapokelewa.

Hakuna dhana inayoumiza kama hii. Anayetoka nje ya Uingereza, Ireland, visiwa vya Channel na kisiwa cha Man wakati ombi lake la kuongezewa muda, au la ukaaji wa kudumu, halijaamuliwa huhesabiwa kuwa ameliondoa, na kinga ya 3C nayo hukatika. Aliyeomba uraia akiwa tayari na ukaaji wa kudumu yeye anaweza kusafiri, na nadhani mkanganyiko wote umezaliwa hapo: mtu husema kwa nia njema kabisa "mimi nilikwenda nikarudi", bila kutaja alikuwa ameomba nini.

Dhana: Ombi la pili huikumbusha Home Office lile la kwanza.

Haliikumbushi, bali huchukua nafasi ya lile la kwanza, na kungoja huanza upya.

Dhana: Aliyelipia huduma ya haraka ana nafasi kubwa ya kukubaliwa.

Pauni 500 kwa kawaida hununua jibu ndani ya siku 5 za kazi, na pauni 1,000 hulenga mwisho wa siku ya kazi inayofuata; jibu hilo linaweza vilevile kuwa la kukataliwa. Wasiolipia wajue kwamba muda wa kawaida, ambao ni wiki 8 kwa viza ya kazi na miezi 6 kwa ukaaji wa kudumu, hauhesabiwi tangu siku ya kujaza fomu, bali tangu mwombaji athibitishe utambulisho wake na kuwasilisha nyaraka.

Dhana: Mbunge ni wa raia tu.

Mbunge wa jimbo unaloishi huwahudumia wakazi wote, na Mkenya au Mtanzania, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola, anaweza hata kujiandikisha kumpigia kura. Ofisi yake inaweza kuiuliza Home Office faili limekwama wapi, ingawa haiwezi kuamuru likubaliwe.

Yule "mtu wa ndani" anayeahidi kulisukuma faili kwa malipo ni jambo jingine. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila kuwa wakili au mshauri aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, mamlaka inayosimamia washauri wa uhamiaji, ni kosa la jinai, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwa yeyote anayetaka kuitazama kabla ya kutoa pesa.