Jiografia bunifu ni nini? Mfano wa Mlima Kenya

Jiografia bunifu ni utafiti wa mahali unaofanywa kwa mkono wa msanii na mkono wa mwanajiografia kwa pamoja. Mchoro, picha, shairi au sauti zilizorekodiwa haziletwi mwishoni kupamba jalada la ripoti. Zinaingia tangu kazi inapoanza. Msanii naye huchukua ramani na vipimo vya watafiti akavifanya malighafi yake. Kwa maneno hayo peke yake dhana inaelea, kwa hiyo tupande mlimani.

Chini kidogo ya kilele cha Lenana, kwenye Mlima Kenya, kuna barafuto ya Lewis. Barafuto ni barafu nene ya kudumu inayoteremka mlimani polepole mno, jicho lisione. Mwaka 1899, Halford Mackinder, mwanajiografia wa Oxford, alipofika kilele cha Batian, mlima huu ulikuwa na barafuto 18. Mwaka 1934 wakaja Wajerumani wawili, Carl Troll na Karl Wien. Walipiga picha za barafuto ya Lewis wakiwa wamesimama ardhini, kisha kutokana na picha hizo ikachorwa ramani yenye skeli ya 1:13,333, yaani sentimita moja ya karatasi ni takribani mita 133 za mlima. Hapo picha ilizaa ramani.

Miaka 80 baadaye safari ikageuka. Mwaka 2014 mpigapicha Simon Norfolk alikwenda kwenye barafuto hiyohiyo akiongozwa na ramani za zamani. Usiku, kamera ikiwa imeachwa wazi kwa muda mrefu, mwenge wa moto ulipitishwa juu ya mawe kufuata mahali ukingo wa barafu ulipokuwa zamani. Aliyeubeba haonekani kwenye picha. Kinachobaki ni mstari wa moto uliojipinda juu ya mawe matupu, na barafu yenyewe imejikunyata kule nyuma. Moja ya mistari hiyo ni ukingo wa mwaka 1963: mtu aliyezaliwa mwaka huo ana umri wa mjomba wako tu.

Watafiti wamepima kwamba kati ya 1934 na 2010 barafuto ya Lewis ilipoteza asilimia 79 ya eneo lake na asilimia 90 ya ujazo wake. Nambari hizo nilizisoma zikanipita. Pengo kati ya ule moto na barafu halikunipita, kwa sababu ni uwanja ambao mtu angeutembea kwa miguu, akahesabu hatua.

Lakini nisingependa dhana hii ieleweke kwamba sanaa ni kipaza sauti cha sayansi. Kwenye ramani ukingo wa barafu ni uzi mwembamba wa wino. Anayeufuata na mwenge gizani lazima aamue: ulipita upande huu wa jabali au ule? Swali hilo la msanii ndilo swali la mwanajiografia kuhusu usahihi wa ramani yake, ila sasa linajibiwa kwa unyayo.

Jiografia nayo humsahihisha msanii, na hapa ndipo ninapoona thamani kubwa zaidi ya ushirikiano huu. Moto juu ya mawe humfanya mtazamaji aseme, "Joto limeyeyusha barafu." Waliochunguza barafuto ya Lewis wanaeleza kwamba hewa ya mlimani imekuwa kavu zaidi tangu mwisho wa karne ya 19, na ukavu huo umechangia sana. Theluji ikipungua, barafu hukosa chakula chake. Isitoshe, theluji mpya ni nyeupe na hurudisha miale ya jua. Barafu tupu iliyochakaa huinywa. Picha ya moto haiwezi kuonyesha theluji ambayo haikuanguka. Natamani msanii mwingine apande na tatizo hilo mkononi: ukavu unapigwaje picha?